Hakuna Mtu Aliyekuja Stesheni

Watu wanaosoma hadithi zangu hudhani nimetembea sana. Mle ndani mna wasafiri wengi, mna stesheni na mabehewa, mna wanawake wenye mizigo kichwani wakiuliza njia. Ukweli ni kwamba nilipokuwa nikiandika zile za kwanza nilikuwa Buruburu, mtaa wa Nairobi, nyuma ya geti lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mume wangu.

Sikufungiwa kwa siku moja. Kwanza niliacha kazi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi fulani mjini. Mume wangu, karani wa kanjo, yaani baraza la jiji, aliyekuwa amepandishwa cheo, aliona si vizuri mke wake akae akichapa barua za wanaume wengine. Kisha wezi wakaingia nyumba ya tatu kutoka kwetu mchana kweupe, wakabeba televisheni. Jioni hiyo alikuja na kufuli kubwa la shaba, likiwa bado kwenye karatasi ya duka.

"Nitachonga ufunguo wa pili," alisema.

Nilimkumbusha wiki ile, nikamkumbusha mwezi ule, halafu nikanyamaza. Asubuhi alitoka na watoto wetu wawili kuwapeleka shule, akafunga kwa nje, nami nikabaki nimesimama jikoni nikisikiliza kufuli likigonga chuma. Saa saba alirudi kula. Hakuwahi kunipiga, wala hakuwa mlevi. Nilipomnong'onezea mama yangu mzazi tulipomtembelea Murang'a, aliniuliza kama chakula kiko, na kama watoto wanasoma. Nikasema ndiyo. Akaniambia nishukuru Mungu.

Niliandika uani, juu ya karo la kufulia, katika madaftari ambayo watoto walikuwa hawajayamaliza. Jirani yangu alikuwa muuguzi wa zamu. Nikisimama juu ya debe niliweza kumpitishia bahasha juu ya ukuta, naye akanipelekea posta. Hadithi zangu za mwanzo zilihusu wanawake wa miji nisiyoijua, wakishuka kwenye ndege na kulala kwenye hoteli zenye mazulia. Vitu hivyo nilikuwa nimevitoa kwenye magazeti. Zote zilirudi. Moja ilirudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Umefika huko?"

Nilikuwa sijafika popote. Safari zangu zilikuwa matanga. Mume wangu alitoka magharibi mwa Kenya, karibu na mji mdogo wa Luanda, na kila mtu wa ukoo wao alipofariki tulipanda treni. Mwaka huo alikufa ndugu ya baba mkwe. Tulipomaliza kuzika, ikaamuliwa kwamba mama mkwe arudi nasi Nairobi atibiwe macho, kwa kuwa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho la kushoto na sasa alianza kufunika la kulia.

Asubuhi ya kurudi tulikaa kwenye benchi la saruji katika stesheni ya Luanda, mama na mimi, tukingoja treni ya Kisumu. Mume wangu alikuwa kwenye foleni ya tiketi. Mimi sikujua lugha yao, na mama hakujua Kikuyu, kwa hivyo tulizungumza Kiswahili, chake cha kambi za reli alikokaa na mzee wake, changu cha shule.

Akapapasa benchi kwa kiganja. "Hapa nilikaa siku nzima," akasema. "Nilikuwa na mimba ya huyu mume wako. Nilikuwa nimetoroka."

"Ulikuwa ukienda wapi, mama?"

"Kisumu. Dada yangu alikuwa huko."

"Halafu?"

"Halafu nini? Si mtoto nilimzalia huku? Si uko naye?"

Mume wangu akaja na tiketi, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini benchi lile nilikuja nalo Nairobi. Nilipofika niliketi kwenye karo, nikaandika juu ya msichana mwenye mimba anayengoja treni. Sikujua mwisho wake, kwa hivyo niliubuni: shemeji yake anakuja mbio kwa baiskeli, anamshika mkono mbele ya watu, anamburuta mpaka nyumbani. Muuguzi akapeleka bahasha kwenye kipindi cha hadithi redioni. Niliandika jina la nyanya yangu badala ya langu.

Wakati huo mama mkwe alikuwa akifungiwa pamoja nami. Siku ya kwanza alipapasa mpaka getini, akavuta, akarudi sebuleni.

"Mke wetu, ufunguo uko wapi?"

"Ameenda nao."

"Kwani sisi ni kuku?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Lakini hakumwuliza mwanawe kitu, si siku hiyo wala wiki zilizofuata. Aliketi uani, uso ukielekea jua, nami nikaandika kando yake. Nilimwambia ni barua. Sijui kama aliamini kwamba kuna mtu anaandika barua kila siku na hapati jibu.

Hadithi ilisomwa Jumapili moja alasiri, baada ya kanisa. Hakuna aliyeniarifu. Nilikuwa nikimenya viazi, mume wangu akisoma gazeti, mama ameegemea redio kama kawaida yake. Mtangazaji akasema, "Benchi la saruji lilikuwa baridi bado," na kisu kikanitoka mkononi. Mume wangu hakushtuka mpaka stesheni ya Luanda ilipotajwa. Akakunja gazeti taratibu.

Muziki wa kufunga kipindi ulipoanza, aliniuliza, "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umemwanika mama yangu kwenye redio, nchi nzima isikie?"

Mama alinyoosha mkono akazima redio. "Si hivyo ilivyokuwa," akasema. Alikuwa akiniambia mimi. "Hakuna mtu alikuja. Wala baiskeli. Treni ilikuja, ikasimama, watu wakapanda. Mlango ulikuwa wazi, hapa, karibu kama ile meza. Mimi ndiye sikupanda."

"Kwa nini, mama?"

"Sikujua nikishuka kule nitasema mimi ni nani. Nilikuwa mke wa mtu. Kitu kingine sikuwa nacho." Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe nipe ufunguo."

"Mama, ni kwa sababu ya wezi."

"Nipe."

Alimpa. Mwanamume mzima, karani mwenye tai, alimwekea mama yake ufunguo kiganjani kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Jumatatu mama alinipa ufunguo huo. Nilifungua geti, nikatembea mpaka Jogoo Road, nikasimama kwenye stendi ya basi. Nilikuwa nimevaa vizuri. Mabasi matatu yalipita kuelekea mjini, na kila moja lilisimama mbele yangu. Sikuwa na pa kwenda. Saa saba ilikuwa inakaribia, nikarudi kupika. Nilipokuwa nikikatakata sukuma wiki nilianza kulia, kwa sababu niliona kwamba yule shemeji wa baiskeli nilimbuni ili nisijiulize, mlango ukiwa wazi, mimi naenda wapi.

Niliiandika hadithi upya bila yeye. Redio haikuisoma tena, lakini ndiyo iliyofungua kitabu changu cha kwanza, na tangu hapo sijawahi kuandika mtu akiburutwa. Wahariri hulalamika kwamba wanawake wangu hukaa tu. Ni kweli, hukaa.

Mama alipasuliwa jicho moja, likapona. Siku ya kurudi kwake nilimsindikiza mpaka kwenye behewa. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, labda ndiyo mara ya kwanza kuniona sawasawa.

"Unaandika ya nani sasa?" akauliza.

"Ya mwanamke mmoja wa Buruburu."

"Anatoka?"

"Bado sijui, mama."

"Usimharakishe," akasema, akapanda.

Niliishi katika nyumba ile miaka mingine tisa kabla sijatoka.