Umekunywa?

Nyumbani kwetu Riruta, swali "Umekunywa?" halikuhusu chai. Lilihusu dawa zangu za kifafa, asubuhi na jioni, na muulizaji alikuwa dada yangu mkubwa, hata akiwa na mswaki mdomoni.

Siku wageni walipokuja kumposa, aliniuliza huku akijitazama kwenye kioo. Nikamjibu, "Nimekunywa." Uongo mtupu. Zile dawa zilinipa usingizi, nami nilikuwa nimekabidhiwa birika. Sikutaka kusinzia na kuwamwagia wakwe wa watu chai magotini. Daktari alikuwa ametuonya kwamba kuruka dozi ndiko kunakoniangusha. Lakini mimi na ujuaji wangu tuliona asubuhi moja si kitu.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Nilikuwa nimemimina chai yote, nikaanza kupitisha mandazi, nikaanguka katikati ya viti. Shangazi wa bwana harusi akakataza nisiguswe, eti mate yangu yangewaambukiza. Wengine wakainua miguu. Dada yangu akapiga magoti na gauni lake jipya, akanigeuza ubavu, akaniwekea leso chini ya kichwa, akangoja.

Nilipopata fahamu, viti vilikuwa vitupu na vikombe vimejaa, chai imeshika utando. Hakuna aliyekunywa.

Yule bwana alipiga simu baadaye, kwa ile simu moja tuliyotumia nyumba nzima. Watu wake walisema ugonjwa huu ni wa ukoo, utawafuata watoto. Dada alisikiliza, akasema, "Haya," akaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Mama alisema ni mipango ya Mungu. Mungu hakuwa ameruka dozi. Niliyeiruka ni mimi, na nilikaa kimya.

Kumbe siri haikuwepo. Jioni ile ile ya wageni, dada alikuwa ameikuta dawa ya asubuhi nyuma ya redio, nilikoificha. Aliniletea ya jioni na maji, macho mekundu, akasimama mpaka nikameza. Hakuniuliza lolote; nilipochungulia nyuma ya redio, palikuwa patupu.

Siku hizi naishi Kangemi, naye hajaolewa. Hunipigia simu kila jioni. "Umekunywa?" Nakunywa kweli, tena karibu na simu ili asikie. Lakini kila nikisema "Nimekunywa," naisikia sauti yangu ya asubuhi ile, na yeye hunyamaza kidogo kabla ya kusema sawa.