Nilimtunga Mzee Faki anizuilie barua nisizozitaka, nikairudisha ile niliyokuwa naingoja

Salaam aleikum wakuu.

Jana humu kuna kijana katoa uzi wa kukomesha spam. Anasema kila unayempa email mpe anwani yake peke yake. Moja ya benki, moja ya maduka, moja ya jamaa. Takataka zikianza kuingia unatazama zimekuja kwa anwani ipi, unajua nani kakuuza, unaifunga hiyo moja na maisha yanaendelea.

Watu wakampongeza kana kwamba kavumbua moto.

Mimi nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika. Jambo hilo nililifanya Malindi miaka ya themanini, kwa karatasi na stempu, wakati hiyo email hatujaiona hata ndotoni. Na likanitokea puani.

Nitakayoyasema ni kweli tupu. Majina ya watu nimeyageuza, isipokuwa la Mzee Faki. La Mzee Faki sikuligeuza, na mtaona kwa nini.

Twende.

Kwetu ni Mambrui. Baba alikuwa na shamba dogo na ndiye aliyekuwa akiadhini msikiti wa mtaani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nauza vitambaa Malindi mjini dukani kwa mzee mmoja, Mzee Awadh.

Nyumbani hatukuwa na sanduku la posta. Nani alikuwa nalo? Uliandikiwa kwa sanduku la shule, au la msikiti, au la tajiri wako, na juu ya bahasha panaandikwa "kwa mkono wa fulani". Huyo fulani ndiye anayeipokea akufikishie. Zangu zilipitia sanduku la Mzee Awadh.

Na mimi, Mola anisamehe, nilikuwa na ugonjwa wa barua. Nilipeleka jina langu kwenye gazeti moja, ule ukurasa wa marafiki wa kalamu.

Wacha wee!

Ziliingia mpaka karani wa posta akawa ananifungia rundo kwa kamba. Huyu anataka picha. Huyu ana wake wawili anatafuta wa tatu. Huyu anauza pete za bahati, huyu shule ya kusoma kwa posta.

Na barua za mnyororo. Nyinyi vijana hamzijui hizo. Inakuja barua haina salamu, inakwambia uinakili mara saba uwapelekee watu saba, na ukiikatiza atakufa umpendaye. Chini kuna orodha ya majina na anwani za waliotangulia. Jina lako likishaingia kwenye orodha ile, umekwisha. Watu usiowajua kutoka Voi mpaka Kisumu watakuandikia.

Mzee Awadh akachoka. Siku moja akanimwagia rundo zima juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Binti, sanduku langu si jaa. Ama uzipunguze, ama utafute sanduku lako."

Sikukaa nikafikiri, maana mimi kukaa siwezi. Nilifikiri huku nakunja marobota. Na jawabu likaja.

Kila anayeniandikia nikampa mkono wake. Marafiki wa kalamu, "kwa mkono wa Bi Zuhura". Wenye pete na shule za posta, "kwa mkono wa Mwalimu Tayari". Rafiki yangu Kadzo wa Kaloleni, "kwa mkono wa Bi Mwanaidi". Sanduku ni lilelile la Mzee Awadh, na watu hao wote hawakuwako duniani. Niliwazaa mimi.

Bi Zuhura alipozidi kuletewa upuuzi, nikamuua. Nilikuwa na kalamu nyekundu ya kuandikia marobota. Kila barua iliyokuja kwa mkono wake nikaiandika juu HAJULIKANI, IRUDI ILIKOTOKA, nikaitia posta tena bila kuifungua. Mwezi wa pili kimya. Raha niliyoipata, wallahi, nilijiona mwerevu kuliko serikali.

Sasa hapo ndipo alipoingia Athumani.

Athumani alikuwa fundi wa pampu za maji, kwao Kilifi. Aliletwa Magarini kufunga pampu. Akaja dukani kumnunulia mamake kitambaa. Wiki ya pili akaja tena, akashika vitambaa vyote, hakununua kitu. Wiki ya tatu Mzee Awadh akamuuliza kama duka limegeuka baraza.

Nilimpenda. Sitazunguka zunguka, nilimpenda.

Kisha akahamishwa Hola. Akaniomba anwani. Nikampa mkono wa peke yake ambao sikumpa mtu mwingine chini ya jua: kwa mkono wa Mzee Faki. Nikamwambia huyo ni ami yangu, mzee mkali, ndiye anayenisimamia mambo yangu, na kila barua anaitazama mara mbili.

Nilitaka aandike kwa adabu. Wakuu, akaandika kwa adabu mpaka nikajuta! Kurasa mbili za pampu na joto la Hola, na mwisho, "Nisalimie Mzee Faki, umwambie namheshimu."

Hata hivyo kila barua yake niliisoma mpaka mikunjo ikachanika.

Siku moja nikapokea bahasha, kwa mkono wa Mzee Faki, mwandiko siujui. Nikafungua. Mnyororo.

Mwezi ule ule zikaja tatu nyingine, kila moja na mwandiko wake na stempu ya mji wake. Zote kwa mkono wa Mzee Faki.

Damu ikanipanda kichwani. Mkono ule alikuwa nao mtu mmoja tu. Kwa hiyo Athumani kanigawa! Anakaa huko Hola na wanaume wenzake wanachekea barua zangu na kunakili anwani yangu. Hayo yote niliyaona kwa macho ya hasira, hakuna aliyeniambia.

Nikamwandikia mistari minne. "Anwani yangu ulimpa nani? Nijibu mwenyewe kwa mkono wako. Usiponijibu, nami sikujui."

Kisha nikajiwekea sheria. Kwa Mzee Faki nitapokea mwandiko wa Athumani tu. Mwandiko mwingine wowote, kalamu nyekundu.

Wakuu, kungoja kule simwombei hata adui. Posta nilikuwa naenda asubuhi, nikirudi nasahau nilichotumwa. Nikipima kitambaa nakosea. Wateja nawajibu kwa mkato. Usingizi sina, chakula hakipiti, mama ananiuliza kama nimepatwa na jini. Ningekaa ningelia, kwa hiyo sikukaa.

Wiki moja. Mbili. Tatu. Hakuna mwandiko wake.

Wiki ya nne ikaja bahasha nene, ya rangi ya maziwa, stempu ya Kilifi. Mwandiko wa kizee, wa kupinda pinda. Na jina langu halimo kabisa. Imeandikwa tu, "Kwa Mheshimiwa Mzee Faki", na sanduku.

Nikainusa. Inanukia udi.

Nikasema, alaa, siku hizi na minyororo inafukizwa! Nikachukua kalamu. HAJULIKANI, IRUDI ILIKOTOKA. Safari hii niliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, maana nilikuwa na hasira za wiki nne na hakuna pengine pa kuzitua.

Baada ya hapo kimya kikubwa. Hata minyororo ilikoma.

Siku nyingi kidogo zikapita. Saa nne asubuhi akaingia dukani mama mmoja mtu mzima, buibui safi, mwendo wa taratibu.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Namtafuta Mzee Faki."

Mzee Awadh alikuwa anakunywa kahawa pale mlangoni. Kikombe kikasimama njiani. Alinitazama, nikatazama chini.

Yule mama akatoa bahasha ndani ya buibui, akaiweka juu ya meza ya vitambaa. Ya rangi ya maziwa. Maandishi yangu mekundu yamelala juu yake.

"Mwanangu Athumani yuko Hola," akasema. "Aliandikiwa barua ya ukali na binti anayemtaka. Akaona kumjibu kwa maneno matupu si uungwana, bora aonyeshe nia. Akatuandikia sisi. Shemeji yangu, aliyemlea tangu babake afariki, akaandika posa. Ikaandikwa nyumba nzima imeketi, ikafukizwa, ikapelekwa posta kwa heshima zake. Na hivi ndivyo ilivyorudi. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuona mkono ulioandika hivi."

Posa, wakuu. Nilirudisha posa yangu mwenyewe haijafunguliwa.

Kwa mila zetu posa hukataliwa kwa maneno laini, ukampa mtu chai na udhuru. Kuirudisha na wino mwekundu ni tusi la ukoo.

Na pale pale Mzee Awadh, mzee yule yule aliyekuwa akinifokea kila siku kwa ajili ya sanduku lake, akaweka kikombe chini.

"Mzee Faki ndimi."

Yule mama akageuza shingo. "Kibao cha nje kimeandikwa Awadh."

"Faki ni la nyumbani."

"Na maandishi haya ni yako?"

"Yangu. Macho yameniharibikia, nilidhani ni ya mtu mwingine. Nisamehe bibi."

Mama akaiona kalamu nyekundu sikioni mwangu. Akanyoosha mkono, nikampa. Akampa Mzee Awadh pamoja na kipande cha karatasi ya kufungia.

"Basi niandikie hapa HAJULIKANI, roho yangu itulie."

Mzee Awadh alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu tu. Za Kizungu hakuzijua hata moja. Aliishika ile kalamu, anaitazama karatasi na jasho linamtoka. Mzee wa watu, ana heshima zake mji mzima, anataka kuaibika kwa ajili yangu.

Sikuweza. Nikaichukua kalamu mkononi mwake nikaandika mwenyewe. HAJULIKANI.

Herufi hizo na zile za bahasha zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Nikalia. Nikamwambia yote, Bi Zuhura, Mwalimu Tayari, Mzee Faki asiyekuwepo, minyororo, na jinsi nilivyojua ni Athumani tu angeweza kuigawa anwani ile.

Nilipofika kwenye minyororo, yule mama akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Athumani hakuigawa," akasema. "Alinipa mimi mamake. Alisema hii ndiyo nyumba nitakayooa, niiweke. Nami nikaletewa barua ile ya watu saba, imesema nisipoandika atakufa nimpendaye. Mwanangu yuko Hola, kila siku homa. Nilikuwa na majina sita. La saba nikatia la kwenu, na yote saba nikayaandika chini kwenye orodha."

Mzee Awadh akaenda kuagiza kahawa nyingine.

"Basi tumekoseana sote wawili," mama akasema, akijifuta macho. "Baba yako anaitwa nani hasa?"

Nikamtajia.

"Huyo ni mtu, au ni mkono mwingine?"

Nilicheka na makamasi puani.

Posa ikaenda Mambrui kwa baba. Baba hakusema nami siku tatu kwa ajili ya barua zile za siri, ya nne akakubali. Tukaoana.

Lakini yule ami yake Athumani, aliyeiandika posa, hakuja. Alipeleka salamu moja tu: "Siendi kula pilau kwa watu wasiojulikana." Athumani hakunilaumu hata siku moja, ila siku ya harusi nilimwona anatazama mlangoni kila anapoingia mtu mzima. Hilo liliniuma kuliko matusi. Nilimwandikia ami barua mbili za kuomba radhi, hakujibu.

Mwaka uliofuata nikajifungua mtoto wa kiume. Siku ya tano Mzee Awadh akaja nyumbani mwenyewe, anahema, kashika bahasha. Mwandiko wa kupinda pinda. Kwa mkono wa Mzee Faki. Inanukia udi.

Niliifungua kwa meno.

"Nimesikia ni wa kiume. Mwiteni Faki, ili nikiandika tena awepo wa kuipokea."

Jumamosi yake akaja kumwona. Alimbeba mtoto jioni nzima, mimi hakunitazama mpaka wakati wa kuondoka, akaniambia, "Mwandiko wako mzuri, ila wino ubadilishe."

Sasa funzo langu, mlichukue au mliache.

Anwani ya peke yake inakwambia barua imepitia mlango gani. Haikwambii nani kakosa, wala kwa nini. Mimi niliujua mlango nikadhani nimemjua mwizi. Kabla hujaufunga, chungulia nani amesimama nje.

Wenye visa vya barua zilizorudi, au email mlizozikuta kwenye spam wakati umeshapita, vileteni hapa tucheke na tulie pamoja. Wale wa "hii chai", mnaosema nimetunga, nao karibuni, sukari ipo.

Na wewe kijana uliyetoa ule uzi wa jana. Umejipa jina la ajabu ajabu, lakini mwandiko wa mwanangu naujua hata kwenye simu. Faki, email niliyokupelekea tangu wiki iliyopita hujaijibu. Hebu tazama, baba, isije ikawa na mimi nimo kwenye anwani uliyoifunga.