Nilikuwa nawadai watu wathibitishe Mungu yupo, mwezi wenyewe nikashindwa kuuthibitisha

Wakuu, amani kwenu nyote, mnaoswali na msioswali.

Wa jukwaa la dini mnanijua. Mimi ndo yule jamaa wa "thibitisha". Ukiandika Mungu yupo, nakuuliza: thibitisha. Ukiandika hayupo, nakuuliza vilevile. Nimegombana na masheikh humu, nimegombana na walokole, hadi wale wanaojiita wanasayansi nao walishaniblok.

Leo sijaja kubishana. Kuna jambo limenikuta ukweni na nitalisimulia lilivyo, hata zile sehemu ninazoonekana bwege. Majina tu ndo nimebadilisha. Niiteni Athumani.

Kwa ufupi, niko Tanga mjini, nafanya kazi duka la miwani pale Usagara. Napima watu macho, nakata vioo, nafunga fremu. Nimeoa miaka minne iliyopita. Mke wangu Mwanahamisi kwao Tongoni, kule kwenye magofu.

Nimezaliwa Mwislamu, chuo cha Kurani bakora nimekula za kutosha na Juzuu Amma naijua hadi leo. Ila kwa miaka kadhaa kuswali kulikuwa kwa kudokoadokoa, na kufunga niliacha kabisa. Mke alikuwa anajua, analalamika, halafu maisha yanaendelea.

Sasa nikafungua ule uzi wangu wa kutaka mtu yeyote athibitishe Mungu yupo. Ukachangamka. Na mimi kichwa kikavimba, nikaandika komenti moja ya kishenzi kwamba kutwa napima macho ya waumini hapa Usagara na sijakutana na hata mmoja aliyemwona.

Hapo nilijiuza mwenyewe. Wapima macho wabishi Usagara tuko wangapi?

Shemeji yangu, kaka yake Mwanahamisi, yumo humu humu. Akapiga skrinishoti, ikafika kwa baba mkwe, Mzee Bakari. Huyu ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, ukimwamkia shikamoo anakujibu huku anapima ubao. Alichoelewa yeye ni kimoja: mkwe katoka kwenye dini.

Kwa msiojua, kwetu hilo si suala la mitazamo. Mume akitoka kwenye Uislamu, ndoa haipo. Binti anarudi kwao.

Akampigia simu binti yake aje nyumbani. Mwanahamisi akaondoka na begi dogo, akaniambia, "Naenda kumsikiliza baba." Zikapita wiki mbili.

Wakuu, nampenda yule mwanamke. Sitaki kuzunguka. Nilikuwa nikirudi kazini nawasha televisheni ili nyumba iwe na sauti ya mtu, na chakula changu kilikuwa chipsi mayai asubuhi na jioni. Nikipiga simu anapokea, tunaongea vizuri tu, ila nikimuuliza unarudi lini ananiambia, "Mpaka baba aridhike."

Nikaitwa kikao tarehe ishirini na tisa Shaaban, baada ya alasiri.

Mnajua nilikwenda na nini? Faili. Nilichapisha kurasa kumi na moja, hoja za kuwepo na hoja za kutokuwepo, nimezipigia mstari kwa kalamu ya kijani. Yaani mtu anaenda kumuomba mkewe kwa wakwe kabeba faili. Mkinicheka mna haki.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mzee. Yupo yeye, yupo Maalim Saidi wa msikiti wa pale, nipo mimi. Mama mkwe na Mwanahamisi walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, wanasikia kila kitu.

Maalim akaniuliza kwa upole, "Athumani, umesema Mungu hayupo?"

"Sijasema hayupo, Maalim. Nimesema haiwezi kuthibitishwa."

"Tofauti yake nini?" Mzee Bakari akadakia.

Nikafungua faili. Wakuu, niliongea. Nikaeleza chanzo cha ulimwengu, nikaeleza ushahidi ni nini, na kwamba kuamini jambo kwa sababu tu umeambiwa na mtu si uthibitisho. Nilifika ukurasa wa nne, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Na wewe kazini kwako je?"

Mke wangu huyo.

"Si unamwekea mtu kioo, unamuuliza hiki au hiki? Akikwambia hiki, unamwandikia. Unajuaje kama kweli anaona?"

Nikasema, "Namwamini, atanidanganya ili iweje?"

"Haya," akasema.

Maalim akacheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Miwani yenyewe nilimtengenezea mimi. Mzee Bakari hakucheka. Kikao kikaenda hivyo hivyo bila kufika popote mpaka magharibi ikakaribia, Maalim akasema twende kwanza tukautazame mwezi.

Hapa niwaeleze wasiojua. Jioni ya tarehe ishirini na tisa watu wanatoka kuutafuta mwezi mwandamo. Ukionekana, kesho Ramadhani. Usipoonekana, mnakamilisha siku thelathini, mnafunga keshokutwa. Na kwetu sisi Mashafii, kuanza kufunga anatosha shahidi mmoja tu mwadilifu.

Mmoja tu. Shikeni hapo.

Tongoni bahari iko mashariki, kwa hiyo mwezi hatuutazami baharini. Tunaipa bahari mgongo. Watu walikuwa wamejaa uwanja wa mpira wanatazama bara, juu ya minazi, kule Muheza. Wanawake walisimama upande wao, na Mwanahamisi nilimwona pale kavaa kanga yake ya njano. Mawingu yalikuwa mengi. Wazee wamekaza macho, na nusu yao namba za macho yao nazijua kwa kichwa. Nikawa najisemea, hawa hata nguzo ya goli wanaikisia.

Nikatazama na mimi, kwa mazoea tu.

Nikauona.

Wakuu, sina cha kuongeza hapo. Palikuwa na upenyo mdogo kati ya mawingu mawili, na mwezi ulikuwa pale. Mwembamba, umelala, pembe zimeangalia juu. Si ndege, si taa, si hamu ya kuuona maana sikuwa na hamu yoyote. Niliutazama nikihesabu mpaka nane.

Nikapiga kelele, "Ule pale! Ule pale juu ya mnazi wenye kichwa kilichokatika!"

Kosa langu, nikageuka kumvuta Maalim mkono aone. Nilipogeuka tena wingu limeshafunga. Tukasubiri. Halikufunguka mpaka giza likaingia.

"Nani mwingine kauona?" Maalim akauliza. Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya.

Vijana wakaanza. Mmoja akasema kwa sauti, "Bwana Thibitisha, thibitisha basi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kumbe ile skrinishoti ilishazunguka kijiji kizima.

Nikaanza kujieleza. Mimi napima macho, macho yangu mazima, nimeuona, wallahi nimeuona. Nilivyozidi kujieleza ndivyo nilivyozidi kuonekana muongo. Sikuwa na picha, sikuwa na wa kunishuhudia, nilikuwa na neno langu tu. Niliumia jamani. Unajua kitu kwa uhakika kuliko jina lako, halafu watu wanakucheka.

Maalim Saidi akanyoosha mkono, wakatulia. Akaniambia, "Athumani, mimi niko tayari kulichukua neno lako. Lakini shahidi wa mwezi lazima awe Mwislamu. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya hawa. Unashuhudia kuwa hapana Mola ila Allah, na Muhammad ni mtume wake?"

Mnaona mahali nilipokuwa?

Nikitamka tu, mwezi wangu unapokelewa, Tongoni nzima inafunga kesho kwa neno langu, na lile suala la ndoa limekwisha, maana nimeshahesabiwa Mwislamu mbele ya kijiji. Sentensi moja. Na ninaijua toka nina miaka mitatu. Mzee Bakari ananitazama. Kanga ya njano inanitazama.

Mdomo nikaufungua, wakuu. Nusura.

Halafu nikasema, "Maalim, kutamka naweza. Lakini ukiniuliza kama nina hakika na hilo kama nilivyo na hakika na huo mwezi, sina. Natamani ningekuwa nayo. Nikikudanganya kwenye hilo, na mwezi wangu nao utakuwa wa uongo."

Hakuna aliyecheka.

Maalim akatikisa kichwa taratibu. "Basi ushahidi wako siwezi kuuchukua," akasema. Akaenda kuswalisha. Mzee Bakari akapita mbele yangu bila neno. Mwanahamisi nilipomtafuta kwa macho alishaondoka.

Baada ya isha redio ikatangaza mwezi haukuonekana, tukamilishe thelathini. Mzee akanitumia ujumbe kupitia mama mkwe: nilale chumba cha uani, asubuhi atanipa uamuzi wake. Nikajua nimeachishwa mke. Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Alfajiri kabla ya adhana nikanywa maji, nikatia nia ya kufunga. Mimi! Sababu yangu ilikuwa rahisi: mwezi nimeuona. Nikila ni kama nimekubaliana nao kwamba sikuuona.

Asubuhi mama mkwe kafurahi kweli. Siku imeongezeka, kwa hiyo kwake hiyo ndiyo siku ya vunjajungu, ile karamu ya kula mpaka basi kabla ya mfungo. Akatandika mkeka, akashusha vitumbua, mihogo ya nazi, samaki wa kupaka na birika la chai ya tangawizi. Harufu yake jamani, acheni tu.

Tukakaa. Mimi, mzee, Mwanahamisi na mama.

"Karibuni," mama akasema. Akaanza kula.

Mimi nikasema, "Ahsante mama, tumbo halijakaa sawa."

Mwanahamisi akasema, "Mimi baadaye mama, sina njaa."

Mzee Bakari akachukua kitumbua. Akakigeuza. Akakirudisha. "Chai ya moto," akasema.

Mama akaendelea na cha pili, na cha tatu, huku anatutazama mmoja mmoja. Akasitisha kutafuna.

"Mwe!" akasema. "Hebu. Mwanahamisi, umefunga?"

Mwanahamisi akainamisha kichwa. "Nimefunga."

"Kwa mwezi gani? Redio si imesema haukuonekana!"

"Mume wangu kauona."

Mama akamgeukia mumewe.

"Na wewe Bakari?"

Mzee akakohoa. Akatazama dari. Ni dari aliyoipiga mwenyewe, sijui alikuwa anatafuta nini.

"Bakari, nakuuliza. Leo siku ya shaka. Mtu hafungi siku ya shaka ila awe ameamini kuwa mwezi umeandama. Umefunga?"

"Nimefunga," mzee akasema.

"Kwa neno la nani?"

Mzee akasema, huku ananitazama mimi kwa mara ya kwanza asubuhi ile, "Jana huyu alikuwa na nafasi ya kunidanganya akapata mke na heshima kwa mpigo. Kakataa mbele ya watu wote. Sasa mtu wa hivyo akiniambia ameona mwezi, nile?"

Mama mkwe akakitazama kitumbua chake kilichobaki nusu. "Kwa hiyo nyote watatu mmefunga, mnaniacha nashindilia peke yangu mchana wa Ramadhani! Kumbe kafiri wa nyumba hii ni mimi!"

Tulicheka wakuu. Mzee Bakari alicheka mpaka kofia ikadondoka.

Mama hakuiachia hapo. Akajifuta mikono akasema, "Haya, na shahidi wa mwezi si lazima awe Mwislamu? Wewe umeshaupokea ushahidi wake, umeufungia na saumu. Ndoa yake unaikatalia nini?"

Hoja ile haikuwemo kwenye kurasa zangu kumi na moja.

Mzee akarudisha kofia kichwani. Akaniambia, "Athumani, shaka yako ipeleke msikitini ukahangaike nayo pale. Mtandaoni hawatakusaidia." Kisha akamwambia binti yake, "Kusanya nguo zako. Lakini mtafuturu hapa kwanza, mimi siwezi kufuturu peke yangu nikaonekana mwendawazimu."

Jioni ile kijiji kizima kinatafuna, sisi watatu tunasubiri adhana ya magharibi tukiwa tumekauka midomo. Nikamuuliza mke wangu, "Na wewe ulifunga kwa neno langu kwa nini? Hukuuona." Mwanahamisi akanijibu, "Kwani wewe ushawahi kuniambia umeona kitu hukukiona?"

Sasa najua mtaniuliza, je, Mungu amethibitika? Hapana mkuu. Zile hoja bado nazijua na bado zina matundu pande zote mbili. Ijumaa nakwenda, nakaa safu ya nyuma, nahangaika kama nilivyoagizwa. Kuna siku naona nakaribia, kuna siku sioni kitu.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nawaomba watu uthibitisho kwa dharau, kwa sababu sikuwahi kusimama mahali ninajua kitu na sina cha kuonyesha. Sasa nimesimama. Mtu akiniambia humu amemjua Mungu, bado nitamuuliza maswali, ila nitaanza na yeye mwenyewe: huyu ni mtu wa namna gani, na anapata nini akinidanganya.

Karibuni kwa maoni, na matusi pia nayapokea. Ila kabla hujaniandikia "thibitisha", nijibu hili kwanza: ungekuwa wewe pale uwanjani, umeuona peke yako, nani kwenu angefunga kwa neno lako?