Aliyebadilisha Suti Yangu

Niligandishwa na bahari mchana kweupe, nikiwa ndani ya suti ileile ya kuzamia iliyonipa joto miaka sita.

Nikaapa kuna mtu kaibadilisha.

Mimi ni mzamiaji wa almasi, bandari ya Port Nolloth. Tunashuka na bomba, tunanyonya changarawe chini ya bahari, walio juu ya boti wanachekecha.

Maji ya kwetu ni barafu, hayana utani. Watu wanadhani suti ya mpira inazuia maji. Wapi! Yanaingia kidogo, yananaswa kati ya mpira na ngozi, mwili wako unayapasha moto. Ila lazima ikubane. Ikilegea, kila ukijigeuza ya moto yanatoka, ya baridi yanaingia.

Yangu ilikuwa imelegea. Hata mkanda wa vipande vya madini ya risasi, ule wa kunizamisha, niliuona mwepesi.

Nani anatunza vifaa vyangu? Sarel, mshika kamba wangu. Na nahodha alishasema nikipanda mapema tena, Sarel ndiye atakayeshuka badala yangu. Hiyo kazi ndiyo inayolisha wanangu.

Siku ile nilijikaza. Vidole vikafa, meno yakagongana hadi nikashindwa kung'ata mpira wa hewa. Nililia, nawaambia ukweli, nililia mle chini. Nikavuta kamba.

Nilipopandishwa tu nikamkaba Sarel shati.

"Suti yangu umeipeleka wapi?"

Hakunipiga. Akanisaidia kuivua, akaigeuza ndani nje. Gotini kulikuwa na kiraka cha uzi wa njano. Alikishona mke wangu, Katriena, kwa mkono wake.

"Suti ni yako, kaka. Uliyepungua ni wewe. Tangu Pasaka unakohoa, nikikuuliza unanitukana."

Nikamuuliza kuhusu mkanda, sauti ikiwa imeshanyong'onyea.

"Risasi nilipunguza mimi. Mafuta ya mwili ndiyo yanayoelea; mtu akikonda anazama haraka. Niliogopa siku moja nitashindwa kukuvuta."

Zahanati wakaniambia ni kifua kikuu. Miezi sita ya vidonge.

Sarel alishuka badala yangu, kweli. Na kila Ijumaa alimletea Katriena nusu ya alichopata, bila kuombwa.

Juzi nimeivaa tena suti yangu. Ilinibana hadi Sarel akanisukuma kwa goti ndio nikaingia.

Ndugu yangu, kabla hujamsaka mchawi, panda kwanza kwenye mzani.