Starehe, Mwalimu

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na nilipostaafu nikadhani nimeachana na chaki. Lo! Shirika moja likaja hapa Kisauni kutafuta mtu wa kuwafundisha wakimbizi waliofika karibuni namna ya kuishi na watu wa Pwani, na jirani mmoja akanitaja mimi kwa sababu, eti, nina mdomo. Nilikubali haraka mno. Mume wangu alikuwa amefariki, binti yangu yuko kazini Uarabuni, na katika nyumba yangu ya Mishomoroni aliyebaki kunguruma ni friji tu.

Tulipewa picha kubwa za kubandika ukutani: mtu anavuka barabara, mtu anatupa taka kwenye pipa. Nikacheka. Mtaani kwetu pipa la taka liko wapi? Nikaziweka kando, nikafundisha ninayoyajua. Mkubwa mwamkie shikamoo. Viatu vua mlangoni. Halafu nikawapa somo la karibu, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Ukiwapita watu wanakula, watakwambia karibu. Hiyo ni adabu, si sahani. Huenda chakula chenyewe hakiwatoshi. Wewe jibu "starehe", tabasamu, pita zako. Niliwafanyisha mazoezi, mimi nikijifanya nala, wao wakinipita mmoja mmoja. Siku hiyo tulicheka hadi mlinzi wa ukumbi akaja kuchungulia.

Aliyelishika somo kuliko wote ni mama mmoja wa Sudan, wa umri wa binti yangu, aliyefika peke yake baada ya vita kuwatawanya watu wake. Alikuwa amepanga chumba mtaani kwetu, mbele kidogo ya nyumba yangu.

Ramadhani ikaingia. Mimi sijui kupikia mtu mmoja. Mkono wangu umezoea sufuria ya watu. Muhogo wa nazi, kaimati, uji wa pilipili manga, vyote naviandaa barazani, kisha nakaa kuvitazama. Yeye hupita wakati huo huo, akitoka saluni anakopaka watu hina.

"Karibu tufuturu, mwanangu!"

"Starehe, mwalimu."

Kwa tabasamu, na matamshi safi. Siku ya kwanza nilijisifu: huyu ndiye mwanafunzi! Baadaye furaha ikaingia nyongo. "Nyoo! Kwani chakula changu kina sumu?" nikaiuliza friji. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu wa kufuturu naye. Mtu mmoja tu, hata kama hasemi neno. Lakini kushuka njiani nikamvute mkono niliona haya, mtu mzima kama mimi kuwaombaomba wageni. Basi nikawa napandisha sauti tu. "Karibu, wallahi kipo kingi!" Naye, masikini, akaona adabu ndiyo inazidi, akazidisha tabasamu. "Starehe, mwalimu, starehe."

Siku moja darasani akanyoosha mkono. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga akatueleza kwamba kwao, mwezi wa Ramadhani, watu hutandika mikeka njiani, na mpita njia hushikwa mkono akakalishwa, hata awe na haraka gani. Hapa je, mtu atajuaje karibu ya kweli? Darasa zima likanigeukia.

"Utajua tu," nikasema, nikageuka kufuta ubao. Ubao wenyewe haukuwa na kitu.

Wiki hiyo hiyo friji ikafa, nyumba ikawa kimya kabisa. Jioni nikaenda dukani kununua barafu. Wakati wa kurudi, magharibi imekaribia, nikapita mlangoni kwa yule mama. Alikuwa ametandika mkeka nje, nusu yake iko njiani. Juu yake sinia kubwa: sima ya mtama, mchuzi wa bamia, tende, na jagi la juisi nyekundu. Chakula cha ukoo mzima, na yeye peke yake. Akainua macho.

"Karibu, mwalimu."

"Starehe, mwanangu," nikasema, nikaukwepa mkeka, nikapita.

Wallahi sikufikiri. Mdomo ulijijibia wenyewe, kama unavyojijibia tangu utotoni. Nilifika barazani kwangu, nikaweka barafu chini, ndipo nikasikia nilichosema. Mtu kanitandikia mkeka njiani, nami nimemrudishia somo langu mwenyewe! Masikio yaliniwaka moto. Nikawafikiria majirani wote waliompita jioni ile kabla yangu, kila mmoja na starehe yake, na yeye akiwatabasamia kama nilivyomfundisha. Nilijionea huruma siku zote zile, kumbe tulikuwa wawili.

Nikaiokota barafu, nikarudi mbio. Nilimkuta ameushika upindo wa mkeka, anauvuta ndani.

Sikupiga hodi. Nikavua viatu, nikakaa kwenye ile nusu iliyobaki njiani. Bodaboda ikatupigia honi, ikatuzunguka.

Adhana ikaanza. Alikuja akakaa mbele yangu, akanishika mkono kwa nguvu, kama wanavyoshikwa wapita njia wa kwao, ingawa nilikuwa nimeshakaa. Alikuwa analia. Nami nililia. Mkono alioushika ni wa kulia, na tende ziko mbele yangu, siwezi kula. Sikumwambia aniachie.