Mate na Makohozi

Tulikuwa wanne nyuma ya maabara asubuhi ile: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, mjomba tunayeishi naye Chiungutwa, na mtaalamu wa maabara aliyeshika vikopo. Mdogo wangu alikuwa akikohoa tangu msimu wa korosho. Kipimo cha kwanza cha kifua kikuu, cha zahanati, kilisema hana, naye akazidi kukonda. Wazazi tulishawazika. Sikuwa tayari kuamini majibu hayo huku nguo zikimpwaya.

"Toa makohozi, mwanangu," mjomba alimhimiza. Mdogo wangu akageuka, akatema kidogo kwa adabu.

Mtaalamu akainua kikopo kwenye mwanga. "Haya ni mate."

"Si ndiyo hayo hayo?" nikauliza. Nyumbani yote tuliyaita mate.

"Hapana, dada. Makohozi yanatoka kifuani. Kule ndiko mdudu aliko."

Niliishia darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha. "Nasikia mashine yenu inaona hata kidogo sana."

"Inachukua vinasaba vya mdudu, inavirudufu: kimoja viwili, viwili vinne, mpaka vionekane. Na hii ya sasa ni kali zaidi. Ya zamani ilitafuta alama ambayo kila mdudu anayo moja tu; hii inatafuta pia alama ambazo mdudu mmoja anazo nyingi. Hata wakiwa wachache inawanasa."

"Basi si irudufu na hayo mate?"

Akacheka. "Sifuri ukiirudufu, unapata nini?"

Nikamtazama mdogo wangu, nikaelewa. Kwetu binti havuti makohozi kwa kishindo mbele ya mjomba wake. Na kule zahanati pia mjomba alisimama pembeni yake, kwa upendo kabisa. Nikamnong'oneza mtaalamu.

"Mzee, hebu twende ukanioneshe pikipiki yako," akasema.

"Kwani nayo inakohoa?" mjomba akajibu, lakini akaenda.

Safari hii kikopo kilikuwa kizito. Mashine ikawakuta wadudu, wachache. Mdogo wangu akaanza dawa, akamaliza, na sasa analima.

Nilipokwenda kumshukuru, mtaalamu alitaka kitu kimoja tu: niwalete wote tunaolala nyumba moja. Nikamwahidi. Wadogo wengine wawili nimeshawapeleka, wako salama. Mjomba bado. Anakohoa siku hizi, anasingizia vumbi la salfa, dawa tunayopulizia mikorosho, na kila nikilitaja suala la kipimo anawasha pikipiki. Deni hilo sijalilipa.