Maji Matamu ya Miche

Watoto wa korti yao, ule uwanja wa nyumba zinazotazamana hapo Buruburu, Nairobi, walikuwa wakivuka upande wa pili wakifika mlango wa Ndunge. Ukipita jioni unaona mwanga wa zambarau ukichungulia kwenye mwanya wa pazia, na ungeapa kuna mganga ndani. Kumbe ni miche tu. Binti yake Ndete alipoolewa akahamia Nakuru, Ndunge hakukiacha chumba chake kijae masanduku na panya. Aliziba dirisha, akabandika karatasi za kung'aa ukutani, akaning'iniza taa, akapanga trei za pilipili hoho, nyanya na stroberi, na kila alichopanda kikashika. Watoto hawakukosea sana, lakini. Kitu kibaya kilikuwa kinapikwa katika nyumba ile, ila hakikuwa katika chumba hicho.

Mumewe, Kyule, alikuwa dereva wa wizara tangu ujana mpaka kustaafu, na barabara zilimwachia mgongo mbovu, presha, na figo za kubembeleza. Daktari wa kliniki aliwaambia wote wawili, kwa sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno, kwamba figo zile zimebaki kidogo sana. Chumvi ikome. Isipokoma ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na huko wengi wakiingia hawatoki.

Ndunge alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Sukuma wiki bila chumvi, maharagwe bila chumvi, hata muthokoi, chakula cha mahindi ya kukobolewa ambacho Kyule alikulia, ukaja mezani umepooza kama karatasi. Mzee alikula akiangalia ukuta. Hakulalamika, kwa maana alitaka kuishi, na alimpenda mkewe kwa namna ile ya wanaume wasiosema.

Sasa, miche ya Ndunge haikai kwenye udongo. Inakaa kwenye kokopiti, vumbi la makumbi ya nazi linaloshindiliwa likawa tofali. Tofali unalitia kwenye karai, unalimwagia maji ya uvuguvugu, linaumuka kama unga wa mandazi, halafu unalifikicha kwa vidole mpaka donge la mwisho liishe. Wenye pupa hupanda papo hapo, na hao ndio wanaolia baadaye. Ndunge hakuwa na pupa. Alisuuza, akakamua, akasuuza tena mpaka maji yaliyotoka na rangi ya chai ya rangi yakawa meupe, kisha akaiacha ilale kwenye maji yenye kalsiamu na magnesiamu. Asubuhi anafumbata konzi moja na kuibana. Yakidondoka matone mawili matatu, iko tayari. Maji yakitiririka, bado.

Kiangazi kile mifereji ilikohoa, ikanyamaza. Maji ya kanjo, yale ya mabomba ya jiji, yalipokuja yalikuja tone kwa tone, na Ndunge aliyakinga kwenye dramu ya buluu nyuma ya jikoni, ya kunywa na kupikia. Kando yake kulikuwa na dramu nyeusi ya maji ya Mutisya, kijana aliyekuwa akileta maji ya kisima kutoka pande za Njiru kwa pikapu yenye tangi. Hayo yalikuwa ya kufulia, ya choo, na ya miche.

Ndipo miche ikaanza kuugua. Kwanza ncha za majani zikawa kahawia, halafu kingo zikaungua, halafu majani yakajikunja na kulegea ingawa kokopiti ilikuwa na unyevu. Ndunge aliinua taa, akidhani zinachoma. Akaacha trei zikauke kidogo, akidhani mizizi imezama. Akageuza jani moja moja kutafuta wadudu. Hakuna. Basi akasema ni kokopiti haikuoshwa vizuri, akaing'oa miche, akaosha upya, akaosha tena mpaka vidole vikachubuka. Ikazidi. Kadiri alivyoosha ndivyo majani yalivyoungua, na ndivyo alivyoogopa, kwa sababu hakuna kinachotisha kama dawa inayoleta ugonjwa.

Aliyemfumbua macho ni jirani yake Kibibi, Mama Zaki, mzaliwa wa Vanga huko pwani, aliyekuja kuazima kinu akamkuta ameinamia karai.

"Hodi, Mama Ndete. Mbona unayapiga hayo makumbi kama umeyafumania?"

"Yananiulia miche, Mama Zaki. Nimeyaosha nimechoka."

"Haya yamelala baharini, mwenzangu. Kwetu tunayafukia ufukoni mpaka yalainike ndipo tusokote kamba. Chumvi imo, lazima uitoe." Kibibi akachovya kidole kwenye karai, akaonja, akakunja uso. "Lakini wewe umeoshea maji gani? Haya ya Mutisya? Ah! Unaosha chumvi kwa chumvi!"

Ndunge alicheka mpaka akakaa chini. Kibibi akachukua kinu, akaenda zake.

Na hapa ndipo mimi hukasirika kila nikiikumbuka habari hii, kwa sababu Ndunge alikuwa amepewa ukweli wote mkononi, akautumia nusu. Maji ya dramu ya buluu hayangetosha jikoni na miche pia. Akapiga hesabu ya mama wa nyumbani. Mmea ni kitu laini, hauna simile. Binadamu ni binadamu, na Buruburu nzima inayanywa maji ya Mutisya. Yakichemshwa, yakatiwa majani na tangawizi, nani atajua? Akabadilisha. Buluu ikawa ya miche. Nyeusi ikaingia jikoni, kwenye birika, kwenye sufuria ya maharagwe, kwenye thamosi ya Kyule iliyokaa kando ya kiti chake kutwa nzima. Hakumwambia mtu. Hakuona kuna la kuambia.

Aliimwagilia miche maji matamu mpaka yakatoka chini ya trei, akakata majani yaliyoungua, akapunguza mbolea. Ikaitikia. Majani mapya yakachomoza, mororo, ya kijani cha kung'aa, na Ndunge akawa anaingia chumba kile akiimba nyimbo za kanisani.

Kyule naye akaanza kuvimba.

Ilianza kwenye macho. Anaamka uso umejaa, mpaka kufikia chai unapungua. Kisha soksi zikawa zinamwachia alama ya pete miguuni. Kisha viatu vikakataa.

"Mama Ndete," alisema siku moja akiwa na kikombe mkononi, "hii chai siku hizi iko na nini? Ni kama imekuwa nzito."

"Ni ulimi wako ndio mzito. Umeuzoesha chips za kule steji ya matatu."

"Mimi? Sijaenda steji tangu mguu uanze."

"Basi kuna mtu anakuletea. Chumvi haiingii mwilini kwa dirisha, Baba Ndete!"

Ndunge alilificha kopo la chumvi kabatini chini ya leso. Alipekua mifuko ya koti lake. Alinusa vidole vyake, aibu kubwa kwa mzee wa umri ule, na mzee akamwachia mkono anuse. Kadiri alivyovimba ndivyo Ndunge alivyozidi kuwa na hakika kwamba mzee anaiba chumvi, na hasira yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu alikuwa akimwona mumewe akijiua taratibu mbele ya macho yake. Akawaambia akina mama wa ushirika wa kanisani. Wakaja na Biblia zao, wakamzunguka Kyule kitini, na Mama Khalayi, mwenye sauti ya kuvunja glasi, akamwomba Bwana amfungue ndugu yetu kutoka kwa roho ya ulafi. Kyule aliketi na miguu yake kama magunia, akasema amina. Baadaye wakanywa chai. Ndunge aliwamiminia wote, na wakaisifu tangawizi.

Siku moja kabla ya kliniki, Wanja, msichana mmoja aliyekuwa akinunua miche kwake, alikuja na mche wa nyanya kwenye kopo, majani yake yamekauka kingo.

"Mamaa, angalia hii kitu. Naimwagilia kila siku na bado inachomeka. Si unisaidie?"

"Unatumia maji gani?"

"Ya kisima. Si ndio iko?"

Ndunge aliketi naye sebuleni, akafurahi kufundisha. "Sikiza, mami. Hayo maji yana chumvi. Wewe huioni, hata ukionja juu juu hutaijua. Mmea hauna pa kuitema. Unakunywa kwa sababu una kiu na umepewa. Maji yanakwenda, chumvi inabaki. Kesho tena, kesho kutwa tena. Unaona mche umesimama, unasema uko sawa, kumbe ndani umejaa. Halafu unaanza kulegea, na wewe unauongezea yale yale."

"Na sasa unafanyaje?"

"Unabadilisha maji. Mimi yangu nimeiwekea ya kanjo peke yake, kwenye ile dramu ya buluu. Ya kisima sitii hata tone."

Kyule alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Wote wawili walikuwa wamemsahau. Aliangalia thamosi iliyokuwa kando yake, akaiangalia kwa muda.

"Mama Ndete," alisema polepole, "na mimi unanipa ya dramu gani?"

Wanja alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akachukua kopo lake akasema atarudi. Ndunge hakuusikia mlango. Alitaka kusema sikujua, lakini alikuwa amemaliza tu kueleza jinsi anavyojua. Alikwenda nyuma, akachota kikombe kutoka dramu ya buluu, akakileta. Kyule alikunywa kidogo, akakirudisha.

Asubuhi kwenye kliniki daktari alibonyeza mguu wa Kyule kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, halikuinuka. Akasoma majibu ya damu, akayasoma tena, akavua miwani.

"Mzee, hizi figo tumezipoteza. Wiki hii unaanza mashine. Nilisema chumvi ikome. Umekuwa ukila nini?"

Ndunge alifungua mdomo. Kyule akamtangulia.

"Ni mimi, daktari. Nilikuwa naiba. Huyu mama alinikataza mpaka akachoka, akaita hata watu wa kanisa. Mimi ndio sikusikia."

Daktari alimkaripia kama mtoto, na mzee akaitikia ndiyo, ndiyo, akiangalia miguu yake. Kisha daktari akamgeukia Ndunge, akamshika bega.

"Usijilaumu, mama. Wewe ulifanya yako yote."

Ndunge alimtazama mumewe, na mumewe hakuinua macho.

"Asante, daktari," akasema.